Sikuipenda Kusini

Binti yangu alirudi kutoka Mtwara na simu iliyojaa picha za mchanga. Mchanga wa Msimbati, maji ya Msimbati, miguu yake mwenyewe imenyooshwa mbele ya bahari ya Msimbati. Alinipa na mfuko wa korosho zilizobanguliwa huko huko, akasema, "Mama, umekaa kule utotoni, na hata siku moja hukutuambia kwamba ni pazuri hivi." Niliufungua ule mfuko kwa adabu. Harufu ya moshi wa maganda ikanipanda puani, ile harufu nzito ya mafuta yanayobabua vidole, na kabla sijajizuia nikamwambia kwamba si pazuri, hapajawahi kuwa pazuri, na picha haionyeshi joto wala mbu. Alicheka, akadhani natania.

Sikuwa natania. Watu wa rika langu mnakumbuka maisha ya kuhamishwa. Mzazi wako akiwa mtumishi wa serikali, nchi ilikuwa yake yote, ila si yeye aliyechagua kipande cha kukaa. Wenzetu walipelekwa Tanga, wakapelekwa Mwanza, leo wanasimulia maembe na samaki. Sisi tulipelekwa kusini. Siku hizo kupelekwa kusini kulihesabiwa adhabu, na wanawake wa kwetu Upare walipomuaga mama, swali lao la kwanza lilikuwa, "Mumeo amekosa nini?"

Baba hakuwa amekosa kitu. Alikuwa fundi wa visima, mtu mpole mwenye mikono mikubwa, ambaye alizungumza juu ya maji ya chini ya ardhi kama wengine wanavyozungumza juu ya mpira. Popote tulipokwenda watu walimwita Bwana Maji. Mama alikuwa ameacha kazi ya ualimu ili amfuate, na kila aliponawa uso asubuhi katika beseni la maji ya uvuguvugu, aliyataja kwa sauti maji baridi ya mfereji wa kwao.

Tulifika Mtwara kwa meli, kwa kuwa masika yalikuwa yameikata barabara ya Rufiji na hakuna aliyejua itapitika lini. Mama alitapika njia nzima. Aliposhuka gatini, ameniegemea begani mtoto mdogo kama mimi, aliutazama mji akasema kwa Kipare kwamba hapa wamepasahau. Nampa haki yake, alisema kweli. Ulikuwa mji wa barabara pana zisizo na watu. Waingereza waliupima kwa ajili ya karanga ambazo hazikuota, wakachora mitaa ya mji mkubwa, wakaondoka, na nyasi zikaja kukaa katika viwanja walivyowapimia wafanyabiashara. Ungeweza kusimama katikati ya barabara mchana kweupe ukafunga kamba za viatu bila haraka. Duka moja lilikuwa na sukari, na jingine lilikuwa na habari kwamba sukari inakuja. Mchanga uliingia kitandani, ukaingia katika wali, ukaingia masikioni. Na msimu wa mabibo ulipofika, mji mzima ulinuka matunda yaliyochacha, na kutwa tulipishana na watu waliolewa uraka wakiimba peke yao.

Shuleni walinicheka lafudhi. Mimi nami niliwacheka yao, ila kimoyomoyo, kwa kuwa walikuwa wengi. Katika nyumba za watumishi tulijifungia wenyewe kwa wenyewe, watu wa Moshi, wa Bukoba, wa Iringa, na jioni akina mama walikaa barazani wakiwasema wenyeji: wavivu, wanakula panya, wanawake wao wanatoboa midomo. Wenyeji nao walituita watu wa bara kana kwamba ni jina la ugonjwa. Mama ndiye aliyekuwa na ulimi mkali kuliko wote, na mimi nilikuwa nakaa miguuni pake nikiyanywa maneno yake.

Kutoka hapo tulihamia Mikindani. Wageni wanausifu mji ule kwa uzee wake. Mimi nililala ndani ya uzee huo. Kuta za mawe zilitoa jasho, chokaa iliangukia chandarua, na bahari ilipokupwa, ghuba yote iliachama ikanuka kama sufuria isiyooshwa. Majirani walikuwa watu wa pwani wa ukoo mkubwa na salamu ndefu. Walitusalimia vizuri sana, wakatuulizia hali, wakaulizia na hali ya kule tulikotoka, lakini sufuria waliyomwazima mama, alipoirudisha waliisugua kwa majivu mbele ya macho yake, kwa sababu hawakuwa na hakika tumepika nini. Mama hakuisahau ile sufuria. Malaria niliyoipata Mikindani ndiyo iliyonifuata miaka yote iliyobaki.

Msimbati, ambako binti yangu amepiga picha miguu yake, tulikaa kambini wakati baba akitoboa. Gari lilinasa mchangani karibu kila siku. Wanawake walikuwa wakiingia baharini na nguo zao kutafuta chaza, wakamcheka mama aliyeogopa mawimbi ya kufika magotini. Baba alitoboa, akapata chumvi. Akatoboa mbali zaidi na pwani, akapata chumvi nyingine. Uzuri ulikuwepo, sikatai, ulikuwepo kila mahali, lakini huwezi kuunywa.

Halafu tukahamia Kitaya, ukingoni mwa Ruvuma, na yote niliyoyasema mpaka hapa ni mzaha mtupu ukilinganisha na Kitaya.

Nilikuwa sijawahi kuona mto mpana vile. Ulikuwa wa rangi ya chai ya maziwa, na katikati yake visiwa vya mchanga ambavyo mamba waliviazima kuotea jua. Ng'ambo ilikuwa miti, kama miti ya upande wetu. Hakuna aliyenieleza kwamba ile ni nchi nyingine na kwamba kule kuna vita. Nilichosikia mimi, tangu siku ya kwanza, ni jina moja tu: Nreno. Wamakonde wa pale walikuwa wakiongea Kiswahili chao, mtoto wakamwita ntoto, mtu wakamwita ntu, na jina hilo nalo wakalitamka hivyo hivyo. Msiteke maji pale, Nreno anaona. Jana Nreno amechukua ntu. Leo Nreno amelala, nendeni shamba upesi. Na mara kwa mara kutoka ng'ambo ulikuja mngurumo, wakati mbingu ni safi, na kina mama waliinua vichwa wakasema, huyo.

Mimi nilikuwa na akili ya kutosha kuunganisha mambo. Kuna mto, mtoni kuna mamba na viboko, na kuna huyu mwingine, mkubwa kuliko wao, anayenguruma, anayechukua watu na kulala mchana. Nilijua kabisa alivyo. Alikuwa na mgongo kama mamba na sauti kama simba. Sikumuuliza mtu, kwa kuwa kila mtu alionekana anamjua.

Kazi ya baba ilikuwa kuwatoa watu mtoni. Akitoboa kisima katikati ya kijiji, wanawake wasingelazimika kuteremka ile njia ya kwenda kuteka maji mbele ya macho ya ng'ambo. Hilo nililielewa. Alitoboa jirani na nyumba ya Bi Somoe, mjane mmoja aliyekuwa akilima mpunga bondeni, na mama alipomwona mara ya kwanza alinivuta mkono. Bi Somoe alikuwa na chale zilizopangwa usoni kama mshono, na katika mdomo wa juu alikuwa na ndonya, kile kipande cha mti kinachousukuma mdomo mbele. Alitusalimia. Mama aliitikia huku akitazama pembeni.

"Usimkaribie," aliniambia tukiwa ndani. "Na usile kwake."

Tulipofika mwisho wa masika, mama aligundua jambo. Mtu wa ofisi aliyekuja kukagua mashine alimpongeza barazani kwa moyo wake wa uvumilivu. Alisema si wake wengi wangekubali mume akatae kurudishwa kwao Same ili amalize kisima. Mama alimkaribisha chai. Alimmiminia, akamsogezea vitafunio, akamsindikiza mpaka kwenye gari. Kisha akarudi ndani, akamwita baba kwa jina langu kama alivyomwita siku zote.

"Baba Nakiete. Ulipewa Same ukakataa?"

"Nilikuwa nikwambie."

"Lini?"

"Kisima kikitoa maji. Mama Nakiete, nimefika kwenye mwamba, chini yake kuna maji, najua. Nikiondoka watamleta nani? Hawatamleta mtu."

"Na mimi? Mimi umeniacha kwenye mwamba gani?"

Nilikuwa kitandani na homa yangu, nayasikia yote kama yanasemwa ndani ya mtungi. Sikuelewa sana. Nilichoelewa ni kwamba mama hakulia, na hilo lilinitia hofu, kwa sababu mama alikuwa mtu wa kulia.

Homa ilipanda. Nakumbuka kitambaa cha maji, nakumbuka mkono wake shingoni. Nilipopata fahamu vizuri jua lilikuwa limeshakuwa kali na nyumba ilikuwa kimya. Gauni lake halikuwepo msumarini. Ng'ambo palinguruma. Nje wanawake walikuwa wakizungumza kwa sauti ya chini, nikasikia, "Amechukuliwa asubuhi," na mwingine akasema, "Maskini, alikuwa ameteremka mtoni tu." Walikuwa wanamzungumzia mvuvi mmoja wa kijiji. Hilo nililijua baadaye sana. Baba alipoingia nikamuuliza mama yuko wapi, akasema, "Amekwenda mjini. Atarudi." Alisema akiwa amenipa mgongo, anatafuta kitu kwenye sanduku la vifaa, na hakukuwa na kitu alichokuwa anakitafuta. Mtoto anajua uongo ulivyo hata kama hajui unaficha nini. Nikakata shauri kwamba mama amechukuliwa na Nreno, na kwamba baba anaona aibu kuniambia.

Basi nikauchukia ule mto, chuki ambayo tangu hapo sijaipa kitu kingine. Nilipopata nguvu ya kusimama nilikuwa nateremka mpaka penye miti ya mwisho nikiwa nimejaza mawe kwenye gauni, nikiyarusha moja moja majini. Bi Somoe alinikuta huko akanishika mkono.

"Unampiga nani?"

"Mreno."

Hakucheka. Aliangalia ng'ambo, akaangalia mawe yangu. "Hayafiki."

"Analala wapi?"

"Kule nyuma ya miti. Ana boma lake."

Nikaliwaza boma lake, la miiba na mifupa. "Anakula nini?"

"Anakula vya watu," alisema Bi Somoe. "Haya, twende. Ntoto gani unashinda huku hujala?"

Hivyo ndivyo nilivyoanza kula kwa Bi Somoe. Baba alishinda kwenye mashine yake na mimi nilishinda jikoni kwa yule mjane. Alinipa ugali wa muhogo na kitoweo cha nyama kavu ndogo ndogo iliyochomwa, akasema ni samaki nchanga. Nilikula nikalamba vidole, nikashangaa samaki huyu ana miguu, nikafikiri labda samaki wa Ruvuma ndivyo walivyo. Niliomba tena kesho yake na keshokutwa. Kwamba nilikuwa nakula panya wa shambani, wale wale waliosemwa barazani Mtwara mjini, nililijua nimeshazoea utamu wake. Nalisema hapa wazi: katika kusini nzima, kile ndicho kitu kimoja ambacho sina neno baya la kukisema.

Usidhani alikuwa bibi mpole. Alikuwa mkali, alifoka, alinipiga mgongoni nilipomwaga maji, kwa sababu maji yalikuwa mto na mto ulikuwa roho ya mtu. Usiku nilipoita mama alikuja mlangoni kwetu akasema, "Nyamaza, nipo." Hakuniambia mama atarudi. Katika kijiji kizima yeye peke yake hakuniambia hivyo, na ndiyo maana nilimwamini.

Baba aliupasua mwamba, akafika majini. Kijiji kizima kilikuja kutazama. Lakini kilikuwa kisima cha bomba, tundu jembamba la kuingiza ngumi, ndoo haiwezi kuingia. Kilihitaji pampu, na pampu ilikuwa Dar es Salaam, na barabara ilikuwa imeoza kwa mvua. Baba alikifunika kwa kifuniko cha bati, akasema pampu inakuja. Watoto tulikuwa tunakifunua tukidondosha vijiwe na kusikiliza. Chini kabisa, mbali, kijiwe kilikuwa kinasema chubwi. Wanawake walikuwa wakipita na ndoo zao kwenda mtoni, wanasimama, wanatusikiliza tukichezea maji ambayo hawawezi kuyanywa, wanaendelea na safari yao.

Asubuhi moja mngurumo haukutoka ng'ambo. Ulitoka kwetu, chini bondeni, mara moja tu, mfupi na mkavu. Halafu kimya, halafu kelele za wanawake. Baba alitupa spana akakimbia. Wanaume walimpandisha Bi Somoe kwenye kitanda cha kamba, wamemfunika kanga, na ile kanga upande wa chini ilikuwa imelowa na kulala bapa mahali ambapo ilipaswa kuinuka. Njia ile ile aliyopita maisha yake yote, kumbe ilikuwa imetegwa bomu. Mtu alikuwa amevuka mto akalifukia mchangani kama anayepanda mbegu, akarudi kwao.

Hakuwa analia. Alikuwa anatukana. Alimtukana aliyelifukia, na mama yake, na wote waliomtangulia, kwa Kimakonde na kwa Kiswahili, na walipompitisha mbele ya nyumba yake aliona kile kifuniko cha bati, akageuza kichwa kumtafuta baba.

"Bwana Maji," alisema. "Maji yangu yako wapi?"

Baba alikuwa ameshika mguu wa kitanda.

Askari walikuja mchana huo huo kupekua njia kwa vyuma virefu. Mmoja alikaa kivulini kwetu kunywa maji. Nikamwendea, kwa sababu sasa nilikuwa na jambo la kuuliza na Bi Somoe hakuwepo.

"Mtamuua lini?"

"Nani, binti?"

"Mreno. Huyo mnyama."

Alicheka, akawaita wenzake nirudie mbele yao. Nilirudia. Wakacheka wote isipokuwa mmoja, mtu mzima kidogo, aliyechuchumaa mbele yangu.

"Mreno siyo mnyama, mwanangu. Ni mtu. Ni Mzungu kama wale wa misheni. Ana mke kwao, ana watoto kama wewe."

"Ana watoto?"

"Anao."

"Halafu anafukia bomu?"

"Anafukia."

Nilirudi ndani nikajilaza. Nadhani alifikiri amenifariji. Mimi mpaka siku ile nilikuwa nimeweza kulala, kwa kuwa mnyama ana njaa na akishiba anaacha. Sasa nilikuwa na mtu wa kumwaza, baba wa watoto, amekaa nyuma ya ile miti, na jambo la pili lililokuja ni gumu zaidi: kama yeye ni mtu, basi mama hakuliwa. Na kama hakuliwa, amekwenda kwa miguu yake.

Habari za Kitaya zilifika Upare zikiwa zimekuzwa. Waliambiwa kijiji chote kimelipuliwa. Mama alikuja. Sijui alipandaje na alishukaje. Alifika juu ya lori la magunia, nywele zote mchanga, na nilikuwa nimesimama penye mlango alipokuwa akija. Alipiga magoti akanikumbatia. Mimi nilibaki mikono imeninyooka.

"Ulikuwa wapi?"

"Kwa bibi yako. Ulikuwa na homa, Nakiete, nisingeweza kukupandisha juu ya magunia. Nilisema nitume mtu akuchukue. Kila siku nilisema."

"Nilidhani umeliwa."

Alinisogeza kidogo anitazame kama bado nina homa. Alipoelewa kwamba ninasema kweli, alikaa chini palepale mchangani, mama yangu ambaye hakuwa anakaa chini bila kutandika, akaziba uso.

Baba alikuja kutoka kisimani akifuta mikono. Walisimama wakitazamana.

"Namchukua," alisema mama.

"Mchukue."

"Na wewe twende."

"Pampu imefika Lindi."

Mama alicheka, kicheko kibaya sana. "Imefika Lindi," alisema. "Haya. Kaa na pampu yako."

Tulipofika mjini Mtwara kungojea meli nilikataa kupanda mpaka nimwone Bi Somoe hospitali. Mama alinunua machungwa. Wodi ilikuwa na joto la mkate ulio motoni. Bi Somoe alikuwa ameegemezwa kwenye mto wa kulalia, mguu mmoja chini ya shuka, ndonya imetolewa na mdomo wake umelegea; bila ndonya alionekana mgeni kuliko siku ya kwanza. Mama alipiga goti kando ya kitanda, akamsalimia shikamoo, akaanza kumshukuru. Alikuwa ameyaandaa maneno yake. Alisema Mungu atamlipa, alisema hana cha kumpa, alisema amemlelea mtoto kama wake.

"Usinishukuru," alisema Bi Somoe.

Mama aliinua kichwa.

"Sikukusaidia wewe. Wewe ulipita mlangoni kwangu kila siku unaangalia pembeni. Ntoto alikuwa analia, nikaenda. Angelia mbuzi ningekwenda." Alivuta pumzi. "Ulimwacha ntoni, wakati wa vita. Hata nkiwa na mguu wangu nsingekusamehe hilo."

Mgonjwa wa kitanda cha pili aligeukia ukuta. Nilingoja mama ajibu, kwa sababu mama hakuwahi kukosa jibu, barazani Mtwara, kwa wale wa Mikindani, kwa baba, popote. Aliyapanga machungwa mezani moja moja, akasema, "Ni kweli," akainuka. Bi Somoe akaniita, akanishika sikio akalivuta kidogo, akasema, "Kua." Ndiyo kwaheri aliyonipa.

Watu wananiambia nilikuwa mtoto, na mahali hapana kosa, kosa ni la vita na la watu. Nawasikia. Lakini mimi sikukutana na vita mahali pengine. Nilikutana nayo pale, ina mto wake na mchanga wake na harufu yake. Sina namna ya kuvitenganisha. Binti yangu ana haki ya Msimbati yake. Mimi nina hii.

Mwaka uliofuata baba alikuja Upare likizo. Alikuwa amekonda, amekuwa mweusi, na alikaa mezani kwa bibi kama mgeni aliyekosea nyumba. Mama alimwekea chakula, akakaa upande wa pili. Walikuwa hawajaachana, hawakuachana kamwe, lakini siku hiyo ungeweza kupitisha gari katikati yao. Nikauliza mimi.

"Pampu ilifika?"

"Ilifika."

"Maji yakatoka?"

"Yakatoka." Uso wake ulifunguka kidogo. "Matamu, mwanangu. Hayana chumvi hata chembe. Ya baridi kama ya huku."

"Watu wamefurahi?"

Alisogeza sahani. Alisema watu wamehamishwa. Ilionekana mtoni si mahali pa kukaa tena, wakapelekwa juu, mbali, kwenye kijiji kipya, na malori yalikuja kuwachukua wakati ule ule alipokuwa anakaza boliti za mwisho. Walipita mbele yake na magodoro na kuku wao.

"Na Bi Somoe?"

"Alikuwa amerudi, na gongo lake. Alikuwa wa mwisho kupandishwa. Alikataa kupanda mpaka ayaonje. Basi nikampampia. Akanywa kikombe kizima, akaomba kingine."

"Akasema nini?"

Baba hakunitazama mimi. Alimtazama mama.

"Alisema, 'Mazuri, Bwana Maji. Sasa yanywe wewe.'"

Mama alishusha kijiko. Nikamuuliza baba kama aliyanywa. Alisema ndiyo, aliyanywa asubuhi na jioni, peke yake, nyumba zote zikiwa wazi na tupu, mpaka gari la ofisi lilipokuja kumchukua.